UZI: Vsevolod Meyerhold, kutoka kiwanda cha vodka cha baba hadi seli za Stalin

MchezaKando:
Wakuu, habari za jioni.

Juzi kwenye uzi wa yule dogo aliyeuliza aanzie wapi kujifunza kuigiza, kila aliyechangia alimtaja Stanislavski, yule mwongozaji na mwalimu wa uigizaji wa Kirusi. Sawa, huyo ni babu yetu sote. Lakini babu alikuwa na kijana wake aliyeondoka nyumbani, akampinga hadharani miaka nenda miaka rudi, na nchi nzima ilipomfungia milango, babu ndiye aliyemfungulia. Huyo kijana, mwigizaji na mwongozaji Vsevolod Meyerhold, ndiye namleta leo. Nitashusha vipande vipande kwa sababu natumia simu na umeme wetu mnaujua.

Alizaliwa 1874 Penza, mji wa mkoani huko kusini mashariki mwa Moscow. Ukoo wao Wajerumani, Walutheri, na baba mtu alikuwa na kiwanda cha vodka. Jina alilopewa ni Karl Kasimir Theodor, mtoto wa nane. Alipofikisha miaka 21 akageuza kila kitu kwa mpigo: akaingia Kanisa la Orthodox, akachukua uraia wa Urusi, na akajiita Vsevolod kwa heshima ya mwandishi Garshin. Akaenda Moscow kusoma sheria, sheria ikamshinda moyoni, akaiacha. Mwaka 1896 akaingia shule ya maigizo kwa mwalimu Nemirovich-Danchenko.

Mwaka 1898 mwalimu huyo na Stanislavski wakaanzisha Ukumbi wa Sanaa wa Moscow, na Meyerhold akawa mmoja wa waigizaji wa kwanza kabisa. Desemba mwaka huo wakapandisha jukwaani *Shakwe* ya Chekhov. Tamthilia hiyo ilikuwa imezomewa Saint Petersburg miaka miwili nyuma, kwa hiyo watu walikuwa roho juu. Pazia la kitendo cha kwanza likashuka, ukumbi kimya. Kisha makofi, ukumbi ukafurika shangwe. Meyerhold ndiye aliyecheza Treplev, yule kijana anayelia kwamba sanaa inahitaji sura mpya, na anaishia kujiua. Nani angemwandikia nafasi inayomfaa zaidi?

Naendelea kesho.

Shangazi Kanda:
Mtoto wa mwenye kiwanda cha pombe anaacha sheria akaigize? Kwetu kingeitishwa kikao cha ukoo, na mwanasheria wa familia angekuwepo.

MchezaKando:
Shangazi, baba alifariki 1892. Aliyebaki na nguvu ya kuitisha kikao hakuwepo.

Fundi Taa:
Nimeweka mkeka. Mkuu usituache njiani kama ule uzi wa ngoma za Pwani ulioishia "naendelea kesho" tangu mwaka juzi.

MchezaKando:
Hahaha, ule uzi nitaumalizia. Tuendelee.

Mwaka 1902 akaondoka Ukumbi wa Sanaa. Kilichomkera, kwa kifupi, ni ile hamu ya kuweka uhai mtupu jukwaani: sauti za nyenje zinalia, samovari (birika kubwa la chai la Kirusi) inachemka, mtazamaji anasahau kwamba yuko kwenye maigizo. Meyerhold alitaka mtazamaji asisahau hata sekunde moja. Akaenda mikoani, Kherson kisha Tiflis (leo Tbilisi), na kikundi chake mwenyewe, akaigiza na kuongoza michezo mingi sana kwa haraka. Huko ndiko alikojua kazi. Mtu anayepandisha mchezo mpya kila baada ya siku chache hana muda wa nadharia.

Mwaka 1905 Stanislavski mwenyewe akamwita arudi. Akampa studio mtaa wa Povarskaya ajaribu mambo yake. Fedha zikatoka mfukoni mwa Stanislavski. Wakafanya mazoezi, Stanislavski akaja kutazama, hakuridhika, na studio ikafungwa kabla ya kuonyesha watu chochote.

Aliyemdaka ni Vera Komissarzhevskaya, mwigizaji wa kike mwenye jina kubwa Saint Petersburg. Huyu, kwa taarifa yenu, ndiye aliyecheza Nina kwenye ile *Shakwe* iliyozomewa. Desemba 1906 Meyerhold akapandisha hapo kamchezo kadogo ka mshairi Blok kaitwako *Balaganchik*, yaani kibanda cha vikaragosi. Mwenyewe alicheza Pierrot, yule mchekeshaji mwenye uso mweupe na mikono mirefu. Siku hiyo kulikuwa na waliopiga mluzi na waliopiga makofi, na inasemekana hakukuwa na aliyenyamaza. Mwaka uliofuata Komissarzhevskaya akamfukuza kazi, kwa sababu waigizaji, naye akiwemo, walijikuta wamekuwa vikaragosi mikononi mwa mwongozaji.

Hapo, wakuu, sitamtetea. Lile lilikuwa kosa lake na alilibeba maisha yote. Alikuwa na tabia ya kupanda jukwaani wakati wa mazoezi kumwonyesha mwigizaji, mstari kwa mstari, na alikuwa anaonyesha vizuri kuliko yeyote. Sasa mwigizaji afanye nini baada ya hapo?

KobeMzee:
Aende nyumbani.

MchezaKando:
Wengine walikwenda kweli.

Baada ya kufukuzwa, mwasi wetu akachukuliwa na nani? Majumba ya kifalme, yale ya tsar! Kuanzia 1908 aliongoza michezo kwenye jumba la Alexandrinsky na hata opera kwenye jumba la Mariinsky, huku usiku akifanya majaribio vichochoroni kwa jina la bandia la Daktari Dapertutto, kwa kuwa mkataba haukumruhusu. Mchana mtumishi wa umma, usiku mganga.

Kazi yake ya mwisho chini ya tsar ilikuwa *Kinyago*, tamthilia ya Lermontov. Aliifanyia mazoezi kwa vipindi karibu miaka sita. Mchoraji Golovin alibuni kila kitu hadi kiti cha pembeni ambacho hakikaliwi na mtu. Ikafunguliwa 25 Februari 1917 kwa kalenda ya zamani. Nje risasi zinalia mitaani Petrograd (jina la Saint Petersburg wakati huo), ndani watu wamevaa hariri. Siku chache baadaye tsar hayupo. Na mchezo wenyewe? Uliendelea kuonyeshwa enzi za Wabolsheviki, wakomunisti wa Lenin, hadi 1941.

Chumvi ya Pwani:
Hapo kwenye kiti kisichokaliwa nimecheka. Kuna mkurugenzi mmoja wa tamasha (simtaji) alinunua makochi ya jukwaa kabla ya kutulipa nauli.

KobeMzee:
Mkuu MchezaKando, naona unakuja vizuri lakini nakungoja kwenye kona. Huyu bwana alijiunga na Chama cha Bolshevik mwaka 1918 kwa hiari yake. Akavaa koti la askari na kofia yenye beji ya Lenin. Akapewa cheo cha kusimamia maigizo nchi nzima, akatangaza "Oktoba ya maigizo", yaani mapinduzi ya Oktoba yaingie hadi jukwaani, akataka majumba ya zamani yanyooshwe. Ilibidi Lunacharsky, kamishna wa elimu, ayakinge majumba ya wenzake yasiangukie mikononi mwake. Leo tunamlilia?

MchezaKando:
Mzee Kobe, yote uliyosema ni kweli na nilikuwa nayaleta. Ongezea na hili: mwaka 1919 alikuwa kusini anatibiwa kifua kikuu, Wazungu Weupe (jeshi lililopinga mapinduzi) wakamkamata Novorossiysk. Akanusurika. Mtu akitoka jela ya upande mmoja, anaingia upande wa pili na moyo wote. Novemba 1920 akapandisha *Mapambazuko* ya Verhaeren. Siku moja mchezo ukiendelea, habari zikafika kwamba Jeshi Jekundu, la Wabolsheviki, limeteka Perekop, mlango wa kuingilia Crimea, na yule mwigizaji wa tarishi akaisoma taarifa ya vita halisi badala ya maneno yake ya mchezo. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Hebu jiweke pale. Ungejuaje kwamba serikali unayoishangilia leo itakuja kubisha hodi kwako?

Kwamba alikuwa mkali kwa wenzake, alikuwa. Simfanyi malaika. Nasema tu kipindi chake kizuri kuliko vyote kilikuja baada ya kuvuliwa kile cheo, alipobaki na wanafunzi na ukumbi uliochakaa. Ngoja nishuke huko.

Fundi Taa:
Shuka, mkuu. Na usisahau jukwaa lenyewe lilikuwaje. Sisi wa nyuma ya pazia tuna njaa zetu.

MchezaKando:
Fundi, hiki kipande ni chako.

Aprili 1922, tamthilia ya *Mume Mpumbavu Mwenye Moyo Mkuu* ya Mbelgiji Crommelynck. Habari ni ya bwana mwenye kinu cha kusaga nafaka anayemwonea wivu mkewe hadi anachanganyikiwa. Msanii Lyubov Popova hakuchora nyumba wala kinu. Aliweka jukwaani kiunzi cha mbao kisicho na ukuta nyuma: ngazi, majukwaa mawili ya viwango tofauti, mteremko wa kutelezea, mlango unaozunguka, mabawa ya kinu, na magurudumu. Pazia halikuwepo, na nyuma unaona matofali ya jengo. Waigizaji wote wamevaa ovaroli za buluu, mume, mke, jirani, wote sare moja. Hakuna vipodozi. Wivu wa bwana ukipanda, magurudumu yanazunguka kwa kasi zaidi.

Yaani mbao ndizo zilizoigiza hasira, na mwigizaji akabaki kuruka, kuteleza, kupanda. Igor Ilyinsky na Maria Babanova waliibuka nyota kupitia kiunzi hicho.

Mazoezi ya kuwaandaa aliyaita biomekanika. Watu huandika mengi magumu juu yake, lakini kiini anakijua yeyote aliyewahi kutwanga. Huwezi kushusha mchi bila kwanza kuuinua. Kila tendo lina kurudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele. Warusi wanakuita *otkaz*, kukataa. Kisha tendo lenyewe. Kisha kutua, ambapo unasimama kabisa. Akatunga vizoezi vifupi: kurusha jiwe, kupiga mshale, kupiga kofi, kuchoma kisu. Hakuna jiwe wala kisu mkononi.

Miaka ya nyuma niliwahi kupitishwa zoezi la jiwe na mgeni mmoja kwenye warsha, chumba cha sakafu ya saruji, tumevua viatu. Saa nzima tukirusha jiwe lisilokuwepo. Mimi nilijiona hodari. Yule mwalimu akanisimamisha, akanishika kisigino cha kulia na kukibonyeza chini, basi. Hakusema neno. Niliporusha tena nikasikia jiwe limetoka mgongoni. Nilikuwa nimelirusha kwa mkono siku zote kama mtoto anayefukuza kuku.

Fundi Taa:
Asante. Hapo kwenye matofali kuonekana nimeelewa kwa nini mafundi wengi hawampendi. Hakuna pa kuficha waya.

Shangazi Kanda:
Na mapenzi je? Hamna mtu wa sanaa asiye na kisa.

MchezaKando:
Shangazi hukosi. Alikuwa na mke, Olga Munt, na mabinti watatu. Kisha 1921 akaingia darasani mwanafunzi anaitwa Zinaida Raikh, aliyekuwa ameachana na mshairi Yesenin, ana watoto wawili, Tatyana na Konstantin. Meyerhold alimzidi miaka 20. Akamuoa, akawalea wale watoto kama wake. Kuanzia hapo nafasi kubwa jukwaani ni za Zinaida, na kelele zikaanza. Babanova, ambaye wengi walimwona ndiye kipaji hasa, aliondoka 1927. Mimi naona alimpoteza mwigizaji bora kwa ajili ya mke, ingawa wapo wanaosema Zinaida alikuja kuiva vizuri sana kwenye *Bibi wa Kamelia* ya 1934.

Sasa *Mkaguzi*. Wengi wenu mmeisoma kwa Kiswahili kama *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*, ile ya Gogol, mji mdogo umejaa wala rushwa, anakuja kijana mpita njia wanamdhania mkaguzi. Kwetu tukiipandisha tunaicheza kwa vicheko tupu. Meyerhold, Desemba 1926, aliigeuza ndoto mbaya.

Jukwaa kubwa alilizungushia ukuta wa nusu duara wenye milango 15 inayong'aa kama mbao ya mahagoni. Katikati, waigizaji wamerundikwa kwenye kijukwaa kidogo kinachotembea juu ya reli, kama mita tatu na nusu kwa mita nne na robo, tena kimeinama kuelekea kwa watazamaji. Watu, makochi, mishumaa, sahani, wote humo, wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Halafu linakuja tukio la hongo. Kwa kawaida wakubwa wa mji huingia mmoja mmoja kumpa kijana fedha. Hapa milango yote inafunguka kwa pamoja, na kila mlango unatoa mkono wenye bahasha.

Mwishoni, mkaguzi wa kweli anapotangazwa, Gogol ameandika wahusika wote wagande. Kitambaa cheupe kikapanda, na nyuma yake wamesimama wote, wameganda. Watazamaji walichukua muda kugundua kwamba si waigizaji. Ni masanamu ya ukubwa wa mtu.

Chumvi ya Pwani:
Nimesisimka. Mikono 15 yenye bahasha, na hakuna sura hata moja. Hiyo hata leo ukiipandisha utaitwa kuhojiwa.

DogoMaigizo:
Mimi ndiye niliyeuliza ule uzi wa juzi. Shikamooni wote. Swali: kama alikuwa mkubwa hivi, kwa nini hatajwi kama Stanislavski?

MchezaKando:
Marahaba dogo. Kwa sababu walimfuta. Twende huko.

Hadi mwisho wa miaka ya 1920 alikuwa katikati ya kila kitu. Eisenstein wa sinema alikuwa mwanafunzi wake. Shostakovich, mtunzi wa muziki, akiwa kijana alipiga piano kwenye ukumbi wake mwaka 1928 na kulala nyumbani kwake, na mwaka uliofuata akatunga muziki wa *Kunguni*, tamthilia ya mshairi Mayakovsky. Machi 1930 wakapandisha *Hamamu*, mchezo wa Mayakovsky unaowacheka watendaji wa serikali. Ukasulubiwa magazetini. Mwezi uliofuata Mayakovsky akajipiga risasi.

Mwaka huohuo ukumbi ukatoka ziara Ujerumani na Ufaransa. Berlin alikutana na Mikhail Chekhov, mwigizaji, mtoto wa kaka yake Anton Chekhov aliyeandika *Shakwe*, naye alikuwa ameshahama Urusi. Chekhov ameandika kwamba alimwonya asirudi, akimwambia anaona mwisho mbaya. Meyerhold akajibu kwamba atarudi, na alipoulizwa kwa nini, akasema ni kwa uaminifu.

Januari 1936 *Pravda*, gazeti la chama, likaanza kuwachapa wasanii, kuanzia na opera ya Shostakovich. Tusi la wakati ule lilikuwa "uformalisti", yaani unajali umbo kuliko wananchi. Wenzake wakasimama mmoja mmoja kuungama. Yeye Machi akatoa hotuba, akaungama kidogo, lakini pia akamtetea Shostakovich. Desemba 1937 *Pravda* likamgeukia yeye kwa makala kwamba jumba lake si la Wasovieti, halikuonyesha mchezo hata mmoja wa kuadhimisha miaka 20 ya mapinduzi. Januari 1938 ukumbi ukafungwa. Jengo jipya alilokuwa anajengewa Moscow likaja kuwa ukumbi wa muziki wa Tchaikovsky, upo hadi leo.

Sasa ndipo babu anapoingia. Watu walikuwa wanavuka barabara wasikutane na Meyerhold. Stanislavski, mgonjwa, ana miaka 75, akampigia simu akamwita nyumbani, kisha akampa kazi kwenye jumba lake la opera. Miaka 36 tangu kijana aondoke! Bakhrushin, aliyekuwa akifanya kazi hapo, amesimulia kwamba mzee aliusia Meyerhold atunzwe, kwa kuwa ndiye mrithi wake pekee. Stanislavski akafariki Agosti 1938. Meyerhold akaimalizia *Rigoletto* ambayo mzee aliiacha kwenye mazoezi.

Juni 1939 kukawa na mkutano mkuu wa waongozaji Moscow. Meyerhold alipoingia akapigiwa makofi marefu, na nadhani makofi yale hayakumsaidia. Akasafiri Leningrad (ndiyo Saint Petersburg ileile) kufanya kibarua: kupanga gwaride la wanamichezo wa chuo cha Lesgaft. Alfajiri ya 20 Juni wakaja kumchukua.

Usiku wa kuamkia 15 Julai watu wakaingia nyumbani kwake Moscow wakamchoma Zinaida visu hadi kufa.

Shangazi Kanda:
Innalillahi.

KobeMzee:
Endelea mwanangu.

MchezaKando:
Gerezani walimtaka akiri kwamba ni jasusi wa Waingereza na Wajapani. Tunajua walivyomtenda kwa sababu Januari 1940 aliandika barua kwa Molotov, waziri mkuu wa wakati ule, na barua zimehifadhiwa. Anasema walimlaza kifudifudi, mzee mgonjwa wa miaka 65, wakamchapa kwa mkanda wa mpira kwenye nyayo na mgongoni. Kisha wakamkalisha kitini wakamchapa miguu. Siku zilizofuata, miguu ikiwa imevilia damu, wakachapa juu ya yale majeraha, na anasema ilikuwa kama kumwagiwa maji yanayochemka. Akakiri. Kisha akaukana ukiri wake, kwa maandishi.

1 Februari 1940 akahukumiwa. 2 Februari akapigwa risasi, zikiwa zimebaki siku saba atimize miaka 66. Majivu yake yako kwenye kaburi la pamoja makaburi ya Donskoye.

Mzee Kobe, umeniuliza kwa nini tunamlilia. Sina jibu la kisiasa. Mtu aliyejua jinsi kisigino kinavyobeba mwili mzima, walianza na nyayo.

KobeMzee:
Nimeondoa hoja. Si kwamba nimekosea, ila nimeiondoa.

Fundi Taa:
Na makaratasi yake? Michoro, daftari za mazoezi? Watu hawa huwa wanachoma kila kitu.

MchezaKando:
Hapo Tatyana, yule binti wa kufikia, ndiye shujaa. Alizihamisha karatasi, na Eisenstein akazichukua akazificha kwenye nyumba yake ya mapumziko Kratovo, nje ya Moscow. Fikiria angekamatwa nazo. Meyerhold alisafishwa jina 1955, lakini familia ilikuwa imepewa hati ya kifo yenye tarehe ya uongo ya 1942. Ukweli wa siku na namna alivyokufa ulitoka miaka mingi baadaye.

DogoMaigizo:
Na yale mazoezi yalipona vipi kama ukumbi ulifungwa na yeye akauawa?

MchezaKando:
Kwenye miili ya watu, dogo. Mmoja wa waigizaji wake, Nikolai Kustov, alibaki nayo. Miaka ya 1970 akawafundisha vijana wachache Moscow, akiwemo Gennady Bogdanov, na hao wakaanza kuzunguka duniani wakifundisha.

DogoMaigizo:
Naweza kujaribu lile la jiwe mwenyewe?

MchezaKando:
Unaweza kuanza na mwanzo wake, kila zoezi linaanza hivyo. Vua viatu. Simama miguu sambamba, magoti laini. Pandisha mikono yote miwili juu huku mwili mzima ukinyanyuka hadi vidole vya miguu, usiharakishe. Kisha ushuke kwa nguvu na upige makofi mawili ya haraka huku mikono ikielekea chini na magoti yakikunja. Simama hapo. Usicheke, hata dada zako wakiwa dirishani. Fanya mara kumi asubuhi na kumi jioni, kisha urudi Jumapili uniambie ni sehemu gani ya mwili inauma. Ukisema mabega, umekosea.